Je, Singer ndiye aliyevumbua cherehani? Na ile kampuni ilikwenda wapi?

Pindo

Wanajamvi, salaam.

Nimerithi cherehani ya bibi yangu mzaa mama. Ni Singer nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, yenye maua ya dhahabu ambayo yamefutika pale kiganja chake kilipokuwa kikipita. Nimeisafisha na kuitia mafuta, na juzi imeshona jinzi mikunjo minne bila kusita.

Kuna fundi aliniambia Singer ndiye mtu wa kwanza duniani kutengeneza cherehani. Mwingine akambishia hapo hapo, kwamba Singer alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyechukua wazo la mwenzake. Nataka kujua ukweli ni upi. Pia naomba msaada kuitambua hii ya kwangu: namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia, inaanza na EF kisha zinafuata tarakimu sita. Bobini yake (ile inayobeba uzi wa chini) si ya duara kama hizi za kawaida. Ni nyembamba na ndefu, inaingia ndani ya kikasha cha chuma chenye ncha kali upande mmoja. Ilitengenezwa wapi? Na kampuni yenyewe bado ipo, au limebaki jina tu?

Mkasi

Mkuu, hilo halina mjadala, Singer ndiye mvumbuzi. Hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mwaka 1851 ina jina lake. Hao wengine ni watu wa kuona wivu.

Fundi Bobini

Mkasi, hataza hiyo ni ya kweli kabisa. Ni namba 8294, ilitolewa Marekani tarehe 12 Agosti 1851. Ila ilikuwa hataza ya kuboresha cherehani. Cherehani zilikuwepo tayari, na watu walikuwa wameshaanza kupigania haki zake.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza cherehani za zamani, na historia ya kampuni hii nimeifuatilia kwa miaka mingi. Pindo, utaniwia radhi, jibu langu ni refu.

Anza Ufaransa. Mshonaji aitwaye Barthélemy Thimonnier alipata hataza mwaka 1830 kwa mashine ya kushona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo. Karakana yake mjini Paris ilishona sare za jeshi. Washonaji wenzake waliona riziki yao inakwenda, wakaivamia karakana mwaka 1831 na kuzivunja mashine. Huko New York, miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1830, Walter Hunt aliunda mashine ya nyuzi mbili, kisha akaiacha bila kuikatia hataza. (Huyo Hunt ndiye baadaye aliyebuni ile pini ya kujifunga tunayofungia nepi.) Halafu akaja Elias Howe wa Massachusetts, ambaye hataza yake ni ya tarehe 10 Septemba 1846.

Alichokuwa nacho Howe ndicho kilichomo ndani ya cherehani ya bibi yako hadi leo. Sindano ina tundu kwenye ncha. Inashuka na uzi wa juu, inatoboa kitambaa, na inapoanza kupanda uzi unafanya kitanzi kidogo kule chini. Kikasha chenye bobini kinapita ndani ya kitanzi hicho, na nyuzi mbili zinashikana katikati ya kitambaa. Sindano ya mkono tundu lake liko kwenye mkia, na inabidi ipite yote upande wa pili. Waliojaribu kuiga mkono wa mshonaji walikwama hapo hapo.

Sasa Singer. Isaac Merritt Singer alizaliwa mwaka 1811 katika jimbo la New York. Kweli alikuwa mwigizaji, aliwahi kuwa hata na kundi lake la maigizo lililozunguka miji. Lakini alikuwa pia na kichwa cha ufundi. Mwaka 1839 alipata hataza ya mashine ya kutoboa miamba. Mwaka 1850 alikuwa Boston, kwenye karakana ya Orson Phelps, akitafuta wateja wa mashine nyingine aliyobuni, ya kuchonga herufi. Phelps alikuwa akitengeneza cherehani za Lerow na Blodgett, na zilikuwa zinamsumbua, kwa sababu kila zikiuzwa zilirudi kutengenezwa. Singer aliikagua moja akaeleza kasoro zake. Kikasha cha uzi kilizunguka kwenye duara, yeye akataka kiende na kurudi kwenye mstari ulionyooka. Sindano ilikuwa imepinda na ilipita kwa ubavu, yeye akataka sindano iliyonyooka inayoshuka na kupanda. Kitambaa kilazwe juu ya meza, kikandamizwe na mguu. Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi ilimchukua siku 11 na dola 40.

Nikiifungua mashine iliyotoka miaka mingi baada ya hapo, bado namwona mtu huyo ndani yake. Sindano wima, meza bapa, mguu wa kukandamiza: hakuna mshonaji asiyezijua. Kwa hiyo anayesema Singer hakufanya lolote anamdhulumu, na anayesema alivumbua cherehani anamdhulumu Howe.

Howe mwenyewe alikwenda mahakamani. Alikuwa ametoka Uingereza kutafuta soko, akarudi hana kitu, akakuta wenzake wanauza mashine zenye wazo lake. Mwaka 1854 alishinda, na Singer akalipa dola 15,000. Lakini kesi hazikuishia hapo, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na kipande chake cha hataza na kila kimoja kilikuwa kinamshitaki mwenzake. Mwaka 1856 walikutana Albany, New York, wakakubaliana kuziweka hataza zote kwenye kapu moja: Singer, Howe, Wheeler & Wilson, na Grover & Baker. Aliyetaka kutengeneza cherehani Marekani alilipa mrabaha kwenye kapu hilo. Howe alipata dola 5 kwa kila mashine iliyouzwa nchini humo. Mpango huo ulidumu hadi 1877.

Mkasi

Fundi, nimekuelewa. Basi mbona jina la Howe halipo kwenye cherehani yoyote niliyowahi kuona?

Fundi Bobini

Lilikuwepo. Miaka ya 1860 alifungua kiwanda chake Bridgeport, Connecticut. Akafariki mwaka 1867, mwaka ule ule hataza yake ilipokwisha muda, na baadaye kampuni nayo ikafa.

Na hapa ndipo ninapotaka kumtaja mtu ambaye jina lake halipo kwenye kibati chochote, na kwangu ndiye aliyeijenga Singer: Edward Clark. Alikuwa mwanasheria. Singer hakuwa na fedha za kumlipa wakili, kwa hiyo mwaka 1851 Clark akaingia kuwa mshirika.

Wakati huo cherehani iliuzwa dola 100 na zaidi, na familia ya kawaida Marekani ilipata kama dola 500 kwa mwaka mzima. Fikiria mwenyewe. Mwanamke aliyeshona mashati ya watu usiku kucha ndiye aliyeihitaji kuliko wote, na ndiye asiyeweza kuigusa. Mwaka 1856 Clark alianzisha utaratibu wa kulipa kidogo kidogo: unatoa kiasi cha kuanzia, unaondoka na mashine, unalipa kila mwezi, na mashine yenyewe inakuzalishia cha kulipia. Mwaka 1855 kampuni iliuza mashine 883. Mwaka 1856 ikauza 2,564.  Kilichosaidia sana ni njia hiyo ya kulipa.

Aliongeza na jambo jingine. Mwenye cherehani ya zamani, hata ya kampuni nyingine, aliweza kuirudisha na kupunguziwa bei ya mpya. Hizo za zamani zilivunjwavunjwa zisirudi sokoni. Roho inaniuma nikifikiri ni mashine gani zilizopotea namna hiyo.

Halafu kulikuwa na suala la nani anaweza kuiendesha. Watu wengi walisema mwanamke hawezi kumudu mtambo. Singer akaweka wasichana kwenye vyumba vya maonyesho vyenye madirisha makubwa, wakashona mbele ya macho ya wapita njia. Baadaye wakaja mawakala wa kugonga mlango kwa mlango: wanaleta mashine nyumbani, wanafundisha, wanakusanya malipo, wanaleta sindano na vipuri. Huyo wakala ndiye aliyeifikisha Singer kote duniani. Viwanda vingine vilikuwa na mashine nzuri pia, na wapo waliosema Wheeler & Wilson ilikuwa laini zaidi. Lakini mashine nzuri isiyo na sindano wala mtu wa kuirekebisha haina faida kwa mshonaji, na hilo nalishuhudia kila wiki mezani kwangu.

Singer na Clark hawakupendana. Clark alikuwa mtu wa kanisa. Singer alikuwa na watoto zaidi ya 20 kwa wanawake tofauti, na mambo hayo yalipofika magazetini ushirika ukawa mgumu. Mwaka 1863 waliuvunja wakaunda kampuni ya hisa, The Singer Manufacturing Company. Singer akahamia Ulaya, akafariki Uingereza mwaka 1875 akiwa tajiri mkubwa. Mwaka uliofuata Clark akawa rais wa kampuni.

Mama Vitenge

Ahsante sana Fundi. Naomba kuongeza jambo. Gandhi, pamoja na msimamo wake kuhusu mashine, mwaka 1924 aliulizwa kama anazipinga zote, akasema cherehani ya Singer haipingi. Alisema ni kati ya vitu vichache vyenye manufaa vilivyowahi kubuniwa. Akaeleza kwamba Singer alimwona mkewe anavyotaabika kushona kwa mkono, akaibuni kwa kumpenda.

Fundi Bobini

Mama, shikamoo. Nakubaliana na Gandhi kuhusu cherehani kwa moyo wote. Hadithi ya mke sikubaliani nayo. Singer aliingia kwenye cherehani kwa sababu ya karakana ya Phelps na hitaji la fedha, na inasimuliwa kwamba alisema waziwazi anachotafuta ni senti, uvumbuzi wenyewe haumshughulishi. Hadithi ya mume anayemtazama mkewe akishona usiku inasimuliwa zaidi juu ya Howe, maana wakati anahangaika na mashine yake mkewe alikuwa anashonea watu ili wapate kula.

Pindo

Nashukuru sana wakuu. Bado nasubiri EF!

Mnara wa Saa

Hiyo EF niachieni mimi. Cherehani yako imetoka Clydebank, Uskoti, kando ya mto Clyde. Kuanzia mwaka 1935 Singer walianza kutumia herufi mbili, na herufi ya kwanza inataja kiwanda: E ni Clydebank, A ni Elizabeth kule New Jersey, J ni Kanada, C ni Wittenberge, Ujerumani.

Singer walianza kutengeneza mashine Glasgow mwaka 1867, soko likawazidi. Mwaka 1882 wakaanza kujenga hapo Kilbowie, Clydebank, kiwanda kikafunguliwa 1885. Kilikuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya cherehani duniani. Juu yake palikuwa na mnara wa saa wa futi 200, wenye nyuso nne, kila uso una kipenyo cha futi 26. Reli iliingia hadi ndani, na kituo cha treni cha hapo kinaitwa Singer mpaka leo ingawa kiwanda hakipo. Mwaka 1913 zilitoka mashine milioni 1.3 kwa mwaka mmoja, na wafanyakazi walikuwa zaidi ya 14,000.

Ila tusiwasahau hao wafanyakazi. Tarehe 21 Machi 1911, wanawake 12 waliokuwa wanang'arisha mbao za makabati ya cherehani waliacha kazi. Wenzao watatu walikuwa wamehamishwa, na kazi ya hao watatu ikagawiwa kwao bila malipo ya ziada. Wanawake wengine wa kiwandani wakawaunga mkono, kisha wanaume, na ndani ya siku chache karibu watu 11,000 walikuwa nje. Kampuni ikawatumia wafanyakazi kadi za posta kuwauliza kama wako tayari kurudi. Mgomo ukaisha tarehe 10 Aprili bila madai kutimizwa. Watu kama 400 walifukuzwa, wakiwemo viongozi wote wa mgomo. Mimi nikiona kabati la Singer lililong'aa, hao 12 ndio ninaowafikiria kwanza.

Machi 1941 ndege za Ujerumani zilipiga mabomu Clydebank siku mbili mfululizo, na stoo ya mbao ya Singer ikaungua yote. Kiwanda chenyewe kilisalimika, na baada ya vita kikarudi kwenye cherehani. Hiyo yako ni ya kipindi hicho cha baada ya vita. Mnara wa saa ulibomolewa 1963, kiwanda kikafungwa 1980.

Pindo

Yaani bibi alikuwa na kitu kilichotoka kwenye kiwanda ambacho hakipo tena. Fundi, nini kiliwaua? Kampuni kubwa namna hiyo!

Fundi Bobini

Mnara wa Saa, ahsante kwa kuwataja wale wanawake.

Pindo, hakuna jambo moja. Pigo la mapema lilikuwa Urusi. Singer walijenga kiwanda kikubwa Podolsk, karibu na Moscow, na jengo zuri la ofisi kwenye barabara ya Nevsky mjini St Petersburg, ambalo sasa ni duka la vitabu. Mapinduzi ya 1917 yakawanyang'anya vyote. Baada ya Vita vya Pili wakapoteza na Wittenberge, iliyobaki upande wa Ujerumani Mashariki.

Lakini kilichowaumiza hasa kilitoka Japani. Baada ya vita, watengenezaji wa Japani waliichukua modeli ya 15 ya Singer, ambayo hataza zake zilikuwa zimekwisha, wakakubaliana vipimo vya vipuri viwe sawa kwa viwanda vyote, na wakauza kwa bei ya chini sana. Hata leo ukishika mashine isiyo na jina yenye umbo hilo, kipuri cha modeli 15 kinaingia bila kulazimisha. Upande wa pili, Necchi ya Italia na Elna ya Uswisi zilikuja na zigizaga, mshono ambao Singer walichelewa kuutilia maanani kwenye mashine za nyumbani. Miaka ya 1960 baadhi ya modeli zao zikaanza kuwekwa gia za plastiki, na gia hizo zikizeeka hupasuka. Gia ya chuma kama zako ukiitia mafuta inakuzidi umri.

Na pale ambapo cherehani ilihitaji kutetewa, wakubwa walitazama kwingine. Mwaka 1963 walinunua Friden, watengenezaji wa mashine za kuhesabia. Mwaka 1968 wakanunua General Precision, iliyokuwa inatengeneza vifaa vya ndege na mitambo ya kufundishia marubani. Jengo lao la New York, ambalo mwaka 1908 lilikuwa refu kuliko yote duniani, waliliuza, likabomolewa kati ya 1967 na 1969. Kufikia 1986 kampuni ya Singer iliitenga kabisa idara ya cherehani na kuifanya kampuni ya peke yake. Soma tena hapo: Singer ikaachana na cherehani! Miaka miwili baadaye mnunuzi mmoja akaichukua iliyobaki na kuiuza vipande vipande. Upande wa cherehani ukauzwa mwaka 1989, ukaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 1999, ukatoka, ukauzwa tena. Tangu 2006 jina la Singer liko chini ya SVP Worldwide, pamoja na Pfaff na Husqvarna Viking, majina mawili yaliyowahi kuwa wapinzani wake.

Kwa hiyo jina lipo, na cherehani zinatoka. Ile nyumba ya Clark, yenye kiwanda chake, wakala wake na stoo yake ya vipuri, haipo. Sisi tunaotengeneza hizi za zamani ndio tunaobeba sehemu ya kazi ile ya wakala.

Sasa mashine yako. Bobini ndefu na kikasha chenye ncha maana yake ni kikasha cha kubembea, kinachokwenda mbele na nyuma kwa upinde. Kwa namba ya EF, itakuwa modeli 128 au ndugu yake mkubwa 127. Pima urefu wa kitako: 127 ni ya ukubwa kamili, 128 ni fupi zaidi. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya gari, tumia ya cherehani tu, tone moja kila tundu. Ukitaka uzi wa chini ukae sawa, hakikisha uzi umepita chini ya kile kipande chembamba cha chuma kilichokaza ubavuni mwa kikasha. Wengi huiruka hatua hiyo wakaishia kulaumu mashine. Na sindano ikiingia, upande wake bapa uangalie kushoto, mbali na gurudumu, uzi uutie kutoka kulia.

Pindo

Nimepima sasa hivi, ni ile fupi. 128. Na uzi kweli nilikuwa siupitishi hapo chini ya chuma. Nimeupitisha, mshono wa chini umenyooka. Nikimaliza kushona hili pazia nitaweka picha ya kibati na namba, Mnara wa Saa utusaidie kuupata mwaka wake.